Mvuke Sebuleni kwa Mama Mkwe

Jumamosi, 8 Agosti

Leo nimekabidhiwa hazina. Mimi! Si Injinia. Mimi!

Tulikuwa kwa Mama Mkwe, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Baada ya chakula alimtuma mke wangu chumbani akavute sanduku la bati uvunguni. Likaletwa sebuleni. Likafunguliwa. Chini ya blanketi kuukuu ilikuwepo injini ya mvuke. Ya kuchezea, ndogo, unaweza kuipakata kama paka. Lakini haikukosa kitu: tangi la shaba, bomba la moshi, pistoni, gurudumu, filimbi. Kutu tele, gurudumu limekwama, masizi kila pembe. Nilipigwa na butwaa. Mke wangu aliniambia nifunge mdomo.

Ni ya marehemu Baba Mkwe. Aliipata ujanani, nayo ilikuwa tayari mzee kuliko yeye. Kila Jumapili aliiwasha, watoto wakakaa chini kuitazama. Tangu afariki hakuna aliyethubutu.

Sasa Mama Mkwe anaiacha itoke sandukuni kwa sababu moja. Daktari wa masikio amemwambia kwamba masikio yake yanaaga. Sauti nyembamba zimeanza kuondoka, nene zitafuata polepole. Akasema umbea wa majirani hautaki tena, hata ukimpita ni sawa tu. Ila anataka kuisikia filimbi ya Mzee mara moja kabla mlango haujafungwa. Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

Nikamwambia: Mama, Jumapili ya wiki ijayo utaisikia. Hakuna aliyeniomba tarehe. Mdomo wangu huu!

Akatikisa kichwa kukubali. Mama Mkwe hukubali kila ninachosema, ndiyo maana nampenda.

Halafu akaongeza kwamba atakayeifanya ipige filimbi, akae nayo. Mke wangu akanitazama. Nikajua anawaza nilichowaza: Injinia. Huyo ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Anauza pampu za maji, basi familia nzima inamwita Injinia. Mimi ananiita Fundi Nusu, eti kwa sababu ya kabati letu lisilo na mlango wa pili. Yuko safarini hadi Ijumaa. Akirudi, akute kazi imekwisha. Atapasuka!

Jumapili, 9 Agosti

Nimeifungua yote juu ya meza ya kulia chakula. Tumekula tumepakata sahani.

Sijawahi kuona kazi kama hii. Skrubu ndogo kama punje za ulezi, kila moja imechongwa kwa mkono wa mtu fulani aliyeketi mahali fulani, zamani, akijua kwamba hakuna atakayeziona. Bomba linalopeleka mvuke limepindwa kwa upole mpaka unataka kuliomba radhi ukilishika. Nilikaa nalo mkononi muda mrefu. Mke wangu alipita, akauliza kama nafanya kazi au nachumbia.

Hatua kubwa ya leo: filimbi. Juu yake palikuwa na kizibo cha mti, cheusi ti kama mkaa, kimebanwa humo kisawasawa. Mtu alikuwa ameiziba filimbi ya watu! Uharibifu mtupu. Nilikidunga kwa msumari, nikakivuta kwa koleo, kikatoka vipande vipande. Nikavitupa jikoni motoni. Sasa ukichungulia filimbi unaona ng'ambo. Mke wangu aliuliza kile kilikuwa nini. Nikamwambia uchafu.

Jumanne, 11 Agosti

Siku ya hekima, ikaisha vibaya.

Pale kazini, duka la miwani, kuna kibeseni cha umeme cha kuoshea miwani. Maji yake hutetemeka yenyewe bila kuguswa, uchafu unang'oka. Kwa nini nisugue pistoni kwa mswaki kama mtu asiye na elimu? Mpima Macho, bosi wangu, alipokwenda kula, nikazamisha pistoni na mabomba. Loo! Kutu ilipanda kutoka kwenye chuma kama moshi. Nilisahau nipo wapi. Nilikuwa nimeinamia kibeseni hivyo, nimejishika magoti, alipoingia mama mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, kuoshewa miwani yake.

Haraka haraka nikatoa vyuma, nikatia miwani. Maji sikubadilisha.

Alipoivaa aliuliza mbona jua limezama. Nikamweleza kwamba tumempaka kinga ya mwanga, ni huduma mpya. Akafurahi! Akauliza kama naweza kumpaka na mumewe. Wakati huo huo Mpima Macho akawa amesimama mlangoni na kijiti cha meno mdomoni.

Sikumwaga unga, lakini uliinama. Nimeonywa mbele ya mteja. Kuanzia kesho nitapanga fremu stoo, huko nyuma, nisimguse mtu.

Lakini pistoni inang'aa! Nimeipanga kwenye leso, naitazama kila nikipita.

Jumatano, 12 Agosti

LINAZUNGUKA!

Nimetia mafuta ya cherehani, nikasubiri, nikatia tena, nikalisukuma gurudumu kwa kidole. Likagoma. Likagoma. Likaachia. Likazunguka lenyewe, kimya, bila haraka, likasimama pale lilipotaka. Nilimwita mke wangu kwa ukelele, akaja mbio na taulo kichwani akidhani nimekatika kidole. Nikamwonyesha. Alitaka kunigombeza. Akalisukuma na yeye. Tena. Tena. Akasema kwa sauti ndogo kwamba baba yake alianza kumruhusu alisukume alipokuwa mkubwa, yaani alipoanza shule. Tukakaa hapo wawili tukisukuma gurudumu, ubwabwa ukaungua.

Nimeunganisha kila kitu. Zimebaki skrubu mbili. Nadhani ni za akiba.

Ijumaa, 14 Agosti

Injinia amerudi. Hata begi hajalifungua, yuko kwangu.

Alisimama mbele ya meza, mikono nyuma, tumbo mbele. Akazunguka kulia. Akazunguka kushoto. Nilingoja husuda imwagike. Badala yake akaniuliza kwa ile sauti yake nene, ya mtu anayeongea ndani ya pipa, hizi skrubu mbili ni za wapi. Nikamjibu ni za akiba. Akasema, kwa upole unaokera, kwamba hizo ndizo zinazoshika vali inayopunguzia tangi mvuke ukizidi, na kwamba bila hizo Jumapili tungemsikilizisha Mama mlipuko, huo angeusikia vizuri sana.

Nikamwambia nilikuwa namjaribu.

Akasema kazi hii si ya wauza miwani, aichukue yeye amalizie. Nikasema pampu za plastiki na mvuke ni mbingu na ardhi. Akasema kabati langu bado lina mlango mmoja. Tukapandishiana sauti. Mama Mkwe, aliyekuwa amekuja kuomba ndimu, akatokea akauliza tunabishana nini. Tukasema kwa pamoja: "Hakuna, Mama!"

Skrubu nimezifunga mwenyewe. Injinia alishika taa, hakuna zaidi.

Jumapili, 16 Agosti

Naandika ingawa mkono hautaki.

Sebule ya Mama Mkwe ilijaa. Mke wangu, Injinia na familia yake, shangazi mnene, majirani waliojikaribisha. Mama Mkwe alikaa kwenye kiti karibu na meza, amevaa gauni la sherehe, mikono mapajani. Nikatia maji. Nikawasha taa ya spiriti chini ya tangi. Injinia akasogea, nikamzuia kwa kiwiko.

Kwanza kimya. Halafu tangi likaanza kunong'ona. Halafu tone la maji likatoka kwenye kiungo, likatetemeka, likageuka kuwa wingu dogo. Pistoni ikajivuta, kama mtu anayeota kwamba anatembea. Nikaligusa gurudumu, mara moja tu. Likaenda! Likaenda bila mimi! Maji na moto tu, vitu vilivyopo katika kila jiko, na chuma kikapata pumzi. Shangazi akasema "Mungu wangu." Injinia alikuwa amevua kofia. Sikujua kama nacheka au nalia, nilikuwa nafanya vyote.

Nikavuta mnyororo wa filimbi.

Ilikata kama wembe! Kali, nyembamba, safi. Watu waliziba masikio, mbwa wa jirani akabweka, glasi kabatini zikaitikia. Nikageuka kumtazama Mama Mkwe, kifua mbele.

Alikuwa anatabasamu, anangoja. Akasema: "Haya basi, si mpulize filimbi?"

Nikavuta tena, nikaishikilia. Shangazi akakimbilia barazani. Mama Mkwe akaendelea kutazama mdomo wa filimbi, unapotoka mvuke. Akatutazama sisi, mmoja mmoja, vidole masikioni. Ndipo akaelewa. Hakuna aliyehitaji kumwambia.

Akasema polepole: "Kumbe zimeshaondoka." Akanipigapiga mgongo wa mkono, akasema nimefanya kazi nzuri, mwanangu, gurudumu linapendeza. Kisha akaomba asaidiwe kwenda kulala kidogo.

Nimechelewa, basi. Ningeanza mwaka jana. Ningeuliza mwaka jana uvunguni kuna nini. Mke wangu ameosha vyombo vyote peke yake na hakuniita nikamsaidie, na hiyo si dalili nzuri.

Jumatatu, 17 Agosti

Injinia alikuja dukani. Nilidhani kaja kunicheka, nikajitia hamnazo nyuma ya fremu. Hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha kupimia macho, akaitazama ile bodi ya herufi, akasema kwamba jana filimbi haikuwa yenyewe. Ya Mzee ilikuwa nene. Ilikuwa kama ng'ombe anayelia mbali, ng'ambo ya kilima. Akajaribu kuiga. Mpima Macho alitoka ofisini kuangalia kuna nini.

Akaniuliza kama kuna kitu nilikitoa. Nikamwambia hakuna.

Akasema anakumbuka kizibo. Hapo mwanzo filimbi ilikuwa kali kama ya jana, na mke wangu, wakati huo mtoto wa kubebwa, alikuwa akiisikia anapasua koo, analia mpaka jioni. Basi Mzee akachonga kizibo, akakibana juu ya filimbi, sauti ikashuka ikawa nene. Mtoto akanyamaza. Kizibo hakikutolewa tena.

Kumbe masikio ya Mama yanazisikia sauti nene! Daktari alisema wazi, nyembamba ndizo zinaondoka. Anamsikia Injinia vizuri. Shangazi anamsikia. Mimi, ambaye kwa sauti yangu nyembamba hata kwenye simu naitwa dada... Ndiyo maana amekuwa akikubali kila ninachosema!

Hajachelewa Mama. Ni mimi niliyemwondolea filimbi yake.

Jioni nilimweleza mke wangu, kwa mzunguko, nikianzia mbali. Aliniacha nimalize. Kisha akasema neno moja: "Uchafu." Akaenda kuanua nguo.

Jumatano, 19 Agosti

Mimi na Injinia tumeungana, kwa muda tu, kwa ajili ya Mama. Tunafanyia kazi stoo kwake, katikati ya pampu.

Kizibo cha penseli: kimepasuka. Cha kifuniko cha chupa: kimenuka, kimeungua. Cha mguu wa stuli: nilikichonga vizuri mno, kikaingia kwa urahisi, mvuke ulipopanda kikafyatuka kikampata Injinia katikati ya paji la uso. Alikaa kitako juu ya boksi. Nikamuuliza kama sauti ilikuwa nene. Akasema hakusikiliza.

Tatizo ni mti wenyewe. Mti mkavu unapasuka kwa mvuke, mbichi unasinyaa. Mzee alitumia mti gani? Injinia hajui. Wa kumuuliza ni mmoja tu, na hatutaki ajue kwamba kuna la kuulizwa. Tusije tukampa tumaini halafu tukaambulia patupu.

Ila niseme ukweli, nikiulizwa nitakana: Injinia ana mikono mizuri. Alipokuwa anaipuliza filimbi imtoke masizi, aliishika kama mtu anayeshika yai lenye kifaranga.

Alhamisi, 20 Agosti

Mpango ulikuwa huu: tumwulize Mama Mkwe juu ya miti kwa ujumla, kama watu wanaopenda miti. Injinia aulize, kwa vile anasikika.

Akaanza vizuri. Akasema hali ya hewa ni nzuri. Akasema miti ni mingi siku hizi. Akauliza Mama anauonaje mti mgumu ukilinganisha na laini. Mama Mkwe alimtazama mwanawe jinsi anavyotazamwa mtu mwenye homa. Akanitazama mimi. Akaona ile nundu kwenye paji la Injinia. Akainuka akaenda jikoni.

Akarudi na mwiko.

Mwiko wake wa siku zote, mweusi, umelainika kwa kushikwa. Nimeuona kila nilipokula kwake na sikuwahi kujiuliza mbona ni mfupi. Akatuonyesha mwisho wa mpini, ulivyokatwa kwa msumeno, sawasawa. Akasema Mzee aliukata bila ruhusa, asubuhi, akiwa na yule mtoto analia begani. Alijitetea kwamba ni mti uliokwishazoea mvuke, umekunywa mafuta na maji ya moto miaka, hautapasuka tena. Naye Mama hakumsemesha siku ile nzima. Jioni ikapigwa filimbi, mtoto akalala usingizi, akamsamehe. Mwiko mwingine hakununua. Amepika kwa huo mpaka leo, mkono karibu na moto.

Nikaugusa ule mkato kwa kidole.

Akauweka mezani, akasema kateni. Injinia akasema Mama, utabaki mfupi zaidi. Akasema basi atapika kwa kijiko, hilo si la kuwaumiza kichwa.

Kisha akanigeukia mimi, akasema taratibu kwamba hicho kingine nisikiite uchafu. Mke wangu na mdomo wake!

Jumapili, 23 Agosti

Safari hii hatukualika mtu. Sisi wanne tu, na injini.

Injinia alichonga. Mimi nilibana, nikagonga kidogo, nikatia maji, nikawasha. Hatukusukumana viwiko. Mke wangu alikaa chini sakafuni, sijui kwa nini, viti vipo.

Tangi likanong'ona. Gurudumu likaenda. Nilidhani mara ya pili haitanigusa kama ya kwanza. Ilinigusa zaidi, maana sasa nilikuwa na hofu. Injinia akanifanyia ishara nivute. Nikamfanyia ishara avute yeye. Akasema kwa macho: wewe, kazi ni yako. Nikavuta.

Hoooo.

Nene. Ya chini. Haikukata sebule, iliijaza. Niliisikia kifuani kabla ya masikioni. Ilikuwa kweli kama ng'ombe ng'ambo ya kilima, na nashangaa Injinia alipata wapi maneno yale, mtu wa pampu.

Mama Mkwe alishtuka. Mikono yake ikaacha mapaja. Akasema: "Huyo!"

Hakusema hiyo. Alisema huyo. Akageuka akatazama mlangoni, kweli akatazama, kisha akarudisha macho kwenye injini akacheka na machozi yakawa yanamtoka, hata hakuyafuta. Akasema: "Tena, tena!" Nikavuta tena, nikavuta mpaka mvuke ukaisha. Filimbi ikashuka ikawa pumzi tu, naye akaisikiliza mpaka mwisho wa mwisho, kichwa kimeinama upande mmoja.

Halafu akafanya jambo. Aliinama, akaweka viganja vyake juu ya masikio ya mke wangu pale sakafuni, kama anavyozibwa mtoto mchanga. Mke wangu ana mvi mbili. Alifumba macho, akatulia.

Injinia alitoka nje kuangalia hali ya hewa. Nikamfuata. Tulisimama tukaiangalia. Hatukusemezana neno, na ndiyo maongezi mazuri kuliko yote niliyowahi kuwa nayo naye.

Nani anakaa nayo? Mama Mkwe alikata kauli akiwa anajifuta uso. Haendi nayo mtu. Itakaa pale pale mezani, na kila Jumapili tutakuja, Injinia na spiriti, mimi na maji. Bisibisi nisije nayo. Nimekubali. Mwaka huu nimejifunza makubwa: kitu kikifanya kazi, kiache. Mtu akikabidhiwa, aulize kwanza. Naapa. Nimebadilika.

Jumamosi, 12 Septemba

Mama Mkwe amepata kifaa cha kusikia, hospitali imempa. Kidogo kama haragwe! Kinakaa nyuma ya sikio, na sauti nyembamba zote zimerudi. Anasikia vijiko. Anasikia ndege. Ananisikia mimi, juzi alimuuliza mke wangu kama siku zote huwa naongea kiasi hiki.

Lakini, anasema, kinapiga mluzi kidogo akitafuna. Daktari kamwambia akipeleke Jumanne. Jumanne! Mama wa watu atafune hivyo hadi Jumanne?

Leo mke wangu kaenda msusi, mimi nimebaki hapa kumwangalia Mama. Amejipumzisha chumbani. Akilala hukivua, hukiacha kwenye kisahani sebuleni. Nikakiinua nikitazame tu. Sijawahi kuona kitu kama hiki. Haragwe linasikia! Ndani mle kuna mtu aliyeketi mahali fulani akapanga kila waya mwembamba kama unywele. Kina ufa pembeni, ukiusukuma kwa ukucha unaachia wenyewe, sikulazimisha.

Sasa kiko mezani. Vipande sita, vizuri ajabu, sijui hata kimoja kinafanya nini. Mluzi lazima uko kwenye kimojawapo.

Mama Mkwe ameamka, anauliza nani yuko sebuleni. Nimeitika. Nimeitika tena. Hasikii kitu. Afadhali, maana kuna waya mmoja hapa sikumbuki ulitokea upande gani.